Mafuta kwenye Chapeo

Jumatatu, 6 Julai 2015

Unyevu umeshuka tena. Nimejaza maji kwenye mashine ya unyevu, nimefunga dirisha, nimeziba chini ya mlango kwa taulo. Baridi ya Johannesburg inakausha kila kitu: midomo, visigino, mbao za sakafu. Deraya hii, vazi la chuma la askari wa kale, imetoka Japani, imezoea hewa yenye maji. Vanishi yake ni utomvu wa mti, tabaka juu ya tabaka, na hewa ikikauka mno inabanduka kama ganda la kitunguu.

Nimemaliza kukagua sehemu ya mapaja. Magamba ya chuma meusi, yameshonwa pamoja kwa kamba za hariri ya buluu iliyokoza. Hariri imechoka. Ukiigusa vibaya inakuwa vumbi. Nafanya kazi kwa kibano na huku nimebana pumzi.

Mama mkwe amepita mlangoni tena. Haingii. Anasimama na shali yake, anatazama, anakwenda zake jikoni. Inaniudhi, na sijui hata kwa nini.

Jumatano, 8 Julai

Kinyago cha uso leo. Ni nusu uso, kuanzia puani hadi kidevuni. Chuma, meno ya dhahabu, sharubu za manyoya ya mnyama, mikunjo ya mzee aliyekasirika. Aliyekitengeneza alikuwa mtu wa mizaha. Nimekipenda mno.

Neema alirudi kutoka kucheza akakiona akacheka mpaka akakaa chini. Bibi yake hakucheka. Alimvuta mkono akamtoa nje, kisha akanirudia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Mama Neema, hii kitu inaangalia bantu."

Nikamwambia haina macho, Mama. Macho yalikuwa ya mvaaji mwenyewe.

"Njo ile ninasema," akajibu, akaondoka.

Naandika hapa ili nisisahau kwa nini navumilia. Miaka yote nimehifadhi vitu vya watu chini ya majina ya watu wengine. Mabosi walipiga picha na waandishi, mimi nilifagia vumbi. Deraya hii ndiyo kazi ya kwanza yenye mkataba kwa jina langu. Naledi, mkuu wa makusanyo kwenye yale makumbusho ya Parktown, alikuja mwenyewe hapa mtaani kwetu, Observatory, kukikagua chumba changu cha nyuma: kitasa, kamera, nyaya za umeme juu ya ukuta. Akaridhika. Ikitoka vizuri, mkusanyiko wote uliobaki unakuja kwangu, na mimi natoka kwenye chumba cha nyuma napanga karakana yangu. Ikitoka vibaya, fani hii ni ndogo, wote tunajuana.

Ijumaa, 10 Julai

Chapeo. Nimeiacha ya mwisho makusudi, kama mtoto anavyoacha nyama pembeni mwa sahani.

Vipande vyembamba vya chuma vimepangwa kuzunguka kichwa, vinakutana juu. Nyuma inaning'inia kinga ya shingo, magamba na hariri. Hariri ya hapa ndiyo nzima kuliko yote. Buluu ya kweli, haikupigwa na jua. Ndani kuna kitambaa cha katani. Juu kabisa pana tundu lenye pete ya maua ya shaba. Kwa jadi ya wenyewe, tundu hilo ni kiti cha mungu wa vita. Nimeandika hivyo kwenye ripoti kwa sababu ndivyo linavyoitwa.

Espoir akaichukua ripoti mezani wakati wa chakula. Mume wangu anapenda kusoma maandishi yangu kwa sauti, anajiona amesoma yeye. Akamtafsiria mama yake sentensi moja moja, bugali mkononi. Alipofika kwenye neno kiti, mama aliacha kula.

"Mungu ya vita? Kiti yake iko mu nyumba yetu?"

Espoir akacheka. Na mimi nikacheka. Mama hakumaliza mboga yake ya sombe, yeye ambaye hutukemea tukibakiza punje.

Jumapili, 12 Julai

Nina hasira. Kanisani leo mama mkwe alisimama kuomba sala kwa ajili ya "kitu kilicholetwa nyumbani". Vichwa vyote vikanigeukia. Mimi Mkenya pekee kwenye benchi lile, mke aliyetoka kwingine, sasa nafuga sanamu. Baada ya ibada mama mmoja anayesuka nywele Yeoville akaniuliza kwa upole ule unaochoma kama ni kweli natoa sadaka kwa kile kinyago.

Nikamwambia ni mali ya makumbusho.

"Na makumbusho njo nini kama si nyumba ya sanamu?"

Nimemwambia Espoir azungumze na mama yake. Mali ya mteja haitangazwi madhabahuni. Akasema mama atazoea. Hili neno atazoea, miaka yote ya ndoa hii aliyezoea ni mimi.

Jumanne, 14 Julai

Wamemimina mafuta. Wameingia chumbani kwangu wakamimina mafuta kwenye chapeo.

Siwezi kuandika. Kesho.

Jumatano, 15 Julai

Jana nilikwenda Fordsburg kununua pamba isiyopaushwa, ya kujazia kiwiliwili ambacho deraya itavishwa. Nilifunga mlango. Nilitikisa kitasa kama kawaida yangu.

Niliporudi, sebuleni kumejaa kina mama wa maombi, vilemba vyeupe, chai na mandazi. Wamechangamka. Mama mkwe akainuka kunipokea, uso umenawiri, sijamwona hivyo tangu ahamie kwetu. "Mukamwana," ndivyo anavyoniita mimi mkwe wake, "sasa mutalala muzuri."

Nikasikia harufu kabla sijafika mlangoni. Zeituni.

Chupa ilikuwa juu ya meza yangu ya kazi, kando ya brashi zangu, imebaki nusu. Walikuwa wamelijaza lile tundu. Mafuta yameshuka ndani, yamelowesha katani, yametokea nyuma kwenye kinga ya shingo, na hariri ikayanywa. Ile hariri nzima. Ile buluu ya kweli imekuwa nyeusi upande wa kushoto, na weusi ulikuwa bado unatambaa nikiutazama. Kwenye kinyago, juu ya pua, msalaba wa kidole gumba. Huo ulifutika. Vanishi ni ngumu. Hariri siyo ngumu. Hariri haisamehe.

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpandishia mama mkwe sauti, kwetu Taita mtu hafanyi hivyo, mama yangu angenikana. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Nilimwita mshamba. Nilimwambia ameniua. Kina mama wakatoka mmoja mmoja na kuacha chai.

Mama mkwe hakulia. Alikunja shali yake akaenda kukaa kitandani kwake na Biblia ambayo hakuifungua.

Sijutii. Naandika ili nijisome baadaye: sijutii.

Alhamisi, 16 Julai

Nimeitazama chupa vizuri. Ina kibandiko cha duka la Fordsburg. Mama mkwe haendi Fordsburg. Mama mkwe hapandi teksi peke yake hata kwenda kliniki. Nani alimnunulia?

Na mlango. Haukuvunjwa. Ufunguo mmoja nauvaa shingoni. Mwingine uko kwenye funguo za Espoir.

Nilimngoja getini. Hata hakukana. Alinunua mafuta Jumatatu, Jumanne akarudi nyumbani mchana, akawafungulia, akasimama pale pale wakiimba. Alidhani wataomba tu, wapake kidogo kwenye fremu ya mlango. Alipoona chupa inainamishwa juu ya chapeo alishindwa kumshika mama yake mkono mbele za watu. Kisha akarudi kazini.

Kazi yake ni usimamizi wa walinzi. Mume wangu analipwa kila mwezi kuhakikisha milango ya watu haifunguliwi.

Nilimwachia mama yake hasira yote juzi, na yeye akarudi jioni akinibembeleza, akinishika bega, akisema "pole". Pole! Nimehamia chumba cha Neema.

Jumamosi, 18 Julai

Siku nzima nanyonya mafuta. Karatasi ya kunyonya, kitu kizito kidogo juu yake, ngoja, badilisha, ngoja. Umeme ukakatwa mchana, mashine ikazima, nikalazimika kuacha kila kitu na kufunika deraya kwa plastiki kama mgonjwa anayehamishwa. Dawa ya kuyeyusha mafuta ninayo, lakini ikiigusa vanishi kuukuu inaweza kuitia ukungu mweupe usiotoka, na rangi ya hariri nayo siiamini. Nimejaribu kwenye uzi mmoja uliokwisha kukatika. Buluu ikaja kwenye pamba. Nimeifungia dawa kabatini.

Kilichotoka kimetoka. Lililobaki ni doa la ukubwa wa kiganja. Leo linaonekana kama kivuli. Miaka ikipita litakuwa gumu na la kahawia, na hariri itakatikia hapo.

Espoir ameleta chai na ushauri. Niseme paa lilivuja mvua.

Mvua. Mwezi wa saba. Johannesburg. Mtu ameishi hapa muda wote huu, na anataka nimwambie mwenyeji wa mji kwamba mvua ilinyesha mwezi wa saba, katikati ya baridi na ukame. Hata uongo hauwezi.

Akafikiri tena. Basi sema mashine ya unyevu ilimwaga maji.

Huo ni uongo mzuri. Hilo ndilo linaloniumiza. Huo ungepita. Naledi si mtu wa maabara, angeona doa, angeona mashine, angesikitika, angeita ajali. Jina langu lingebaki.

Jumapili, 19 Julai

Sikwenda kanisani. Nimekaa na deraya.

Mhifadhi atakayefuata, miaka ijayo, akisoma "maji" kwenye ripoti yangu atalitibu doa kama la maji. Atalipaka maji. Ataimaliza hariri yote akiwa ananiamini.

Nimeandika "mafuta ya zeituni". Nimeandika tarehe. Nimeandika jinsi yalivyoingia. Nikaona kalamu imetoboa karatasi.

Jumatatu, 20 Julai

Nimempigia Naledi. Alifika kabla ya saa sita. Alipiga picha kila upande. Alivaa glavu, akainama, akanusa. Kisha akauliza swali moja tu. Nani alikuwa na ufunguo?

Mume wangu, nikasema.

"Kwa hiyo, Mghoi, chumba hiki hakikuwahi kufungwa."

Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kawaida, na sijui kama kuna mtu amewahi kuniambia neno zito kuliko hilo. Espoir alikuwa ukumbini, amevaa sare. Alisikia. Vizuri.

Wamechukua vyote. Mkusanyiko uliobaki unakwenda kwa mtu wa Cape Town. Deraya nitaimaliza mimi kwa sababu nimeshaijua, lakini huko huko Parktown, chini ya macho yao, na kwenye lebo hapatakuwa na jina langu.

Yuko sahihi. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu nje ya nyumba hii ningelala.

Jumamosi, 25 Julai

Nyumba kimya. Sufuria tu. Mama mkwe anapika, anaweka mezani, anakula peke yake chumbani. Neema anauliza kwa nini Gogo haji mezani. Gogo, kwa Kizulu. Mama mkwe hulichukia neno hilo, anataka aitwe Bibi. Siku hizi anaitikia tu.

Leo alinikuta nikianua nguo. Akashika upande wa pili wa shuka, tukakunja bila kutazamana. Shuka ilipoisha hakuondoka. Akaniambia, na naandika kama alivyosema kadiri ninavyokumbuka:

"Bakati balikuja kwetu, sikubafukuza. Muntu anakuja mu nyumba, unamupatia kiti. Nikabapatia kiti. Nikabapatia chakula. Bakakaa siku mingi, bunduki kwa ukuta. Nikasema bataenda. Bakaenda. Bakaenda na Baraka."

Baraka ni mtoto wake wa kwanza. Picha yake iko ukutani kwake, kijana mwenye shati la shule. Nilijua alikufa vitani, ndivyo Espoir alivyoniambia siku zote, amekufa vitani, kama vile mtu anavyosema amekufa kwa malaria. Sikujua kuhusu viti. Sikujua kwamba hakuna aliyewahi kuuona mwili.

"Weye ulisema ile mungu ya vita iko na kiti yake. Na Neema analala chumba ya pili."

Akachukua shuka akaingia ndani.

Jumapili, 26 Julai

Nimemuuliza Espoir kwa nini hakuniambia. Alisema alikuwa mdogo, hakumbuki. Kisha akasema anakumbuka. Kisha akaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Alijua. Aliisoma ile sentensi kwa sauti, mbele ya mama yake, anatafuna, akijua. Na aliposikia nimemwita mama yake mshamba hakumtetea.

Watu wanafikiri ukishaelewa hasira inaisha. Nimeelewa. Hasira iko pale pale. Kazi yangu imeharibika, doa halitoki, mume wangu ni mwoga. Na mimi nilicheka mezani. Yote ni kweli kwa wakati mmoja na sijui niyaweke wapi.

Ijumaa, 14 Agosti

Parktown. Nimevisha deraya leo.

Mkurugenzi wa makumbusho alitaka isimame, miguu imepanuliwa, upanga juu, kama kwenye sinema. Nikakataa. Ikisimama uzito wote unaning'inia mabegani, kwenye hariri. Wajapani wenyewe huiketisha juu ya kasha lake, kama mtu aliyeketi kungoja wageni. Nilieleza mara moja, nikaeleza mara ya pili, mara ya tatu nikasema akitaka isimame aivae yeye. Naledi akageukia dirishani. Nadhani alikuwa anacheka. Imeketishwa.

Chapeo ikapewa nafasi yake juu ya yote. Naledi akaagiza igeuzwe kidogo upande, doa litazame ukuta. Nikaigeuza. Mikono yangu, wala si ya mwingine. Lebo inasema karne, nchi, chuma, vanishi, hariri, zawadi ya familia. Basi.

Nyumbani nimewaambia kina Espoir kwamba imekwisha. Mama mkwe aliuliza kama anaweza kuiona. Nikaenda kumlaza Neema.

Jumatano, 23 Septemba

Kesho ni sikukuu, makumbusho ni bure. Neema anataka kwenda. Espoir ameomba ruhusa kazini. Tumeanza kulala chumba kimoja, naye anaongea nami kwa tahadhari, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyopigwa deki. Ufunguo wa pili aliniletea mwenyewe. Sikumshukuru.

Nimemwambia Mama ajiandae saa tatu.

Alhamisi, 24 Septemba

Watu wengi. Vijana wanajipiga picha mbele ya deraya, wanakunja nyuso kama kinyago. Mlinzi wa mlangoni akawa anawaambia, "Eish, rudini nyuma kidogo, bafethu, ndugu zangu." Neema akawasimulia wote kwa Kizulu kwamba mama yake ndiye aliyeitengeneza. Sikumsahihisha.

Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Alisubiri watu wapungue ndipo akasogea. Hakuomba, hakufanya ishara yoyote. Aliitazama kuanzia miguuni. Alipofika kwenye chapeo, akaenda pembeni, akaegemea ukuta, akachungulia nyuma mpaka akaliona doa. Alikaa nalo muda. Espoir alikuwa anasoma lebo ya kitu kingine kabisa.

Akarudi mbele. Akaniuliza polepole, "Mwenyewe alirudi?"

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa: aliyeivaa.

Nikamwambia nimeikagua yote, Mama, gamba kwa gamba, ndani na nje. Haina alama ya upanga wala ya risasi. Ilitengenezwa wakati wa amani. Ilivaliwa kwenye sherehe, ikarudishwa kashani. Haikwenda vitani hata siku moja.

Aliitikia kwa kichwa. Akaitazama tena, safari hii usoni.

"Basi mama yake alikuwa na bahati," akasema.

Neema akaanza kulilia aiskrimu. Espoir akatangulia naye nje. Mama alikuwa amechoka, magoti yanamsumbua siku hizi. Ngazi za pale ni za mawe na zinateleza. Nilimshika mkono.